Mwanangu ana handikapu ya 3. Kocha wa chuo Marekani atamtaka?

"Mwanangu ana miaka 16, yuko kidato cha tatu hapa Nairobi na mwakani atafanya KCSE. Amecheza gofu tangu akiwa na miaka 8. Handikapu yake (namba ya kiwango cha mchezaji; ndogo ndiyo bora) ni 3, na kwa draiva, fimbo ya mkwaju mrefu, mpira wake hufika yadi 290. Ndoto yake ni kuchezea chuo cha Oklahoma State. Ameandikia makocha 12 wa vyuo vya Marekani; wawili tu ndio waliojibu, tena kwa kumtumia fomu ya kujaza. Sasa kuna wakala anayesema anajuana na makocha na atampatia skolashipu kamili, mradi tumlipe asilimia 10 ya thamani yake. Tumkubali? Na akifika huko, kocha mkuu atamrekebishia swingi, yaani namna anavyozungusha fimbo? Mwalimu wake hapa anasema bado ina kasoro."

Mzazi, nianze na wakala, maana hilo ndilo lenye haraka. Msitie sahihi. Kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vikubwa vya Marekani, zinaruhusu mtu alipwe kwa kazi ya kuandaa video, kupanga wasifu na kuusambaza kwa makocha. Lakini ada hiyo haitakiwi kutegemea kama mtoto amepata nafasi au ufadhili. Asilimia ya skolashipu ni malipo ya kumuuza mchezaji, na anayeumia ni kijana, kwa sababu anaweza kuzuiwa kucheza hata baada ya kufika chuoni. Mwombeni akuandikieni kazi atakayoifanya na ada moja isiyobadilika. Na neno lake la "skolashipu kamili" lisiwapumbaze: anayeweza kuahidi fedha ni chuo chenyewe, kwa barua iliyotiwa sahihi. Hata ahadi ya mdomo ya kocha haikifungi chuo.

Sasa tuje kwa kijana. Nyumbani gofu tumezoea kuiona kama mchezo wa mtu mmoja, kwa hiyo wazazi hudhani kocha anatafuta mchezaji hodari kwa ujumla. Sivyo. Kocha ana hesabu maalumu ya kuijaza. Katika shindano la kawaida la Divisheni ya Kwanza, ngazi ya juu ya NCAA, timu huingiza wachezaji watano, na katika kila raundi matokeo manne bora ndiyo yanayojumlishwa. Huchezwa mashimo 54, mara nyingi 36 siku moja na 18 siku inayofuata. Tuseme watano wamerudi na mikwaju 70, 72, 73, 75 na 82 (michache ndiyo bora). Ile 82 inatupwa, timu inaandika 290. Hapo mchezaji wa tano amekuwa na siku mbaya na hakuna aliyeumia. Kesho yake wawili wakiharibu, mmoja 79 na mwingine 82, ile 79 inaingia kwenye jumla na timu inaporomoka. Ndiyo maana kocha akiwa na kijana mmoja wa kupanda na kushuka anaweza kumvumilia, lakini wawili hawawezi. Kati ya kijana aliyepiga 73, 74, 73 na aliyepiga 68, 75, 80, wengi watamchukua wa kwanza, ingawa ile 68 ndiyo iliyopigiwa makofi klabuni.

Kwa hiyo swali la kujiuliza ni hili: je, mwanangu anaweza kuleta matokeo ya nne yanayohesabika, wiki baada ya wiki, kwenye uwanja asioujua?

Handikapu haijibu swali hilo. Handikapu hukokotolewa kwa wastani wa raundi 8 bora kati ya 20 za mwisho. Zile 12 nyingine, zikiwemo za mvua, za uchovu na za mipira miwili majini, hazimo. Inaonyesha anachoweza siku akiamka vizuri. Chukueni uwanja wenye kiwango cha 72 (mikwaju inayotarajiwa kwa mchezaji hodari) na slopu, kipimo cha ugumu wa uwanja, ya 130. Handikapu ya 3 hapo ina maana kwamba raundi zake nane bora ni za wastani wa 75 na nusu hivi (3 mara 130, gawanya kwa 113 ambayo ni slopu ya kawaida, ongeza 72). Raundi zake zote 20 zikiwekwa pamoja, wastani huwa juu zaidi kwa mikwaju kama 3. Huyo ni mchezaji wa 78 au 79. Kwa makadirio yangu, timu ya katikati ya Divisheni ya Kwanza inamtaka kijana wa 72 hadi 74 kwenye viwanja vya yadi 6,900 na zaidi, na timu za juu zinataka 71 kushuka. Pengo ni la mikwaju mitano au sita. Miaka 16 si umri wa kukata tamaa, lakini pengo hilo litazibwa kwa mpango, si kwa barua pepe nyingi.

Zile yadi 290 nazo zina mwinuko ndani yake. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na mpira husafiri mbali zaidi kwa asilimia 6 au 7. Mkwaju huo huo ukipigwa usawa wa bahari utakuwa kama yadi 272. Kocha mwenye uzoefu atazipunguza mwenyewe mara akisoma neno Nairobi, na akiona hamkuutaja mwinuko ataanza kutilia shaka namba nyingine pia. Dawa yake ni rahisi: kijana acheze Pwani, Vipingo, Nyali au Diani, apime kila fimbo huko, kisha aandike namba zote mbili. Faida nyingine ni kwamba atajifunza kuchagua fimbo upya. Anayepiga aironi 8 yadi 165 Muthaiga atabaki mfupi kwa yadi kumi hivi kwenye chuo cha nyanda za chini, na kumi fupi mara nyingi ni bunka, shimo la mchanga.

Kuna jambo lingine la kwetu ambalo halisemwi sana: kedi, yaani mbeba begi. Kwenye klabu zetu kijana hukua na kedi anayejua kila mteremko wa grini, ile sehemu laini yenye shimo, anayemwambia "nje kushoto, mpira mmoja." Kwenye mashindano ya vyuo kwa kawaida atabeba begi mwenyewe au kulisukuma kwa kigari, atapima umbali mwenyewe na kusoma grini mwenyewe. Kocha anaruhusiwa kumshauri uwanjani, lakini ana wachezaji watano waliotawanyika. Mara nyingi utamkuta amesimama kwenye shimo moja fupi lenye upepo, akimsaidia kila mmoja anapopita. Kuanzia mwezi huu kijana acheze raundi mbili kwa wiki bila kedi, na kila mara aandike kwenye daftari mpira ulipindia wapi tofauti na alivyodhani. Wengi wakianza zoezi hili wanapoteza mikwaju miwili au mitatu hapo hapo. Afadhali aipoteze hapa.

Sasa Oklahoma State. Nawaambia bila kuzunguka: kwa matokeo ya leo, haiwezekani. Hiyo ni programu yenye mataji 12 ya taifa, la karibuni mwaka 2025, ina uwanja wake wa Karsten Creek pale Stillwater, na kocha mkuu, Alan Bratton, alikuwa mchezaji wa timu hiyo hiyo ilipotwaa taji mwaka 1995 mbele ya Stanford ya Tiger Woods. Timu yao iliyoshinda mwaka 2018 ilikuwa na Wanorwe wawili, Viktor Hovland na Kristoffer Ventura, kwa hiyo kutoka mbali si kikwazo. Ila wageni wa namna hiyo hufika wakiwa tayari na jina kwenye mashindano makubwa ya ridhaa. Handikapu ya klabu haimfikishi mtu pale.

Badala ya kuchagua chuo kwa jina, kichagueni kwa mchezaji wa tano. Fungueni tovuti ya timu, tazameni orodha ya wachezaji na matokeo ya msimu. Tafuteni nani alishika nafasi ya tano mara nyingi na wastani wake ulikuwa ngapi. Kisha angalieni wangapi wanahitimu mwaka ambao mwanao ataingia. Timu ambayo mtu wake wa tano ana wastani wa 75, na wanaohitimu ni watatu, ndiyo ya kuandikia. Timu ambayo wa tano ana 71 na wote wako mwaka wa pili, iacheni, hata kama kampasi yao inapendeza. Tengenezeni orodha ya vyuo 30 hadi 40 kwa njia hiyo. Ni kazi ya wikendi mbili na inashinda wakala yeyote.

Kuhusu swingi, hapa matarajio yenu yanahitaji kurekebishwa. Kocha mkuu wa chuo anaweza kuwa fundi wa swingi, lakini si kwa hilo anaajiriwa. Dave Williams, aliyekipa Chuo Kikuu cha Houston mataji 16 ya taifa kati ya 1956 na 1985, alikuwa mwalimu wa uhandisi. Kazi ya kocha mkuu ni kutafuta wachezaji, kupanga ratiba ya mashindano, kusimamia bajeti na wafadhili, kufuatilia alama za darasani, kupanga safari, na kuamua nani anasafiri. Uamuzi huo wa mwisho ndio unaowaliza vijana. Timu ina wachezaji tisa hivi, wanaosafiri ni watano. Kabla ya shindano huwa kuna mchujo wa ndani, pengine raundi tatu au nne. Makocha wengi huwapa nafasi moja kwa moja walioshika nafasi za juu shindano lililopita, na nafasi ya tano wakaichagua wenyewe. Kijana anaweza kukaa muhula mzima bila kupanda ndege. Mkizungumza na kocha, muulizeni: mchujo wako unakwendaje, nafasi ngapi unachagua mwenyewe? Akijibu kwa uwazi, hiyo ni dalili njema.

Muda wenyewe ni mdogo. Mazoezi rasmi yana kikomo cha saa 20 kwa wiki wakati wa msimu, na msimu una sehemu mbili, ya Septemba na Oktoba kisha ya Februari hadi Mei. Kubomoa swingi katikati ya hapo ni kujitakia balaa. Wachezaji wengi hubaki na mwalimu wao wa nyumbani na kumtumia video; kocha wa chuo anashughulika zaidi na weji (fimbo za mikwaju mifupi), puti (mikwaju ya kusukuma mpira shimoni) na maamuzi. Kwa hiyo kasoro ya swingi ni yenu kuishughulikia sasa, lakini kwanza muijue inagharimu nini. Katika raundi 10 zijazo ahesabu mambo manne: mipira iliyopotea au kutoka nje, grini alizofikia kwa idadi ya mikwaju inayostahili, mara alizookoa shimo baada ya kukosa grini, na puti. Kama anapoteza mipira miwili kwa draiva kila raundi, mwalimu yuko sahihi, swingi ishughulikiwe likizo ya Desemba. Kama anafikia grini 11 na kupiga puti 34, mwacheni na swingi yake na mumpeleke kwenye grini ya mazoezi. Swingi mbovu kwa macho inayorudisha 73 inamtosha kocha kabisa.

Fedha. Kwa miaka mingi timu ya wanaume ya Divisheni ya Kwanza ilikuwa na kikomo cha skolashipu 4.5, zinazogawanywa vipande. Baada ya maridhiano ya kesi ya House, ya wanariadha dhidi ya NCAA, yaliyoidhinishwa mahakamani Juni 2025, vyuo vilivyojiunga na mfumo mpya havina kikomo hicho. Vina kikomo cha wachezaji, tisa kwa gofu ya wanaume, na vinaweza kuwafadhili wote. "Vinaweza" ndilo neno la kushika. Vyuo vingi havina fedha hizo. Divisheni ya Pili ina skolashipu 3.6 kwa timu, NAIA, chama kingine cha michezo ya vyuo, ina 5, na Divisheni ya Tatu haitoi fedha za michezo hata kidogo, ingawa hutoa za masomo na za uhitaji. Tuseme chuo kinagharimu dola 48,000 kwa mwaka. Gofu inatoa robo, 12,000. Alama nzuri zinaleta 14,000. Zimebaki dola 22,000, karibu shilingi milioni 2.8, kila mwaka kwa miaka minne. Na kabla chuo hakijatoa fomu ya I-20 ya kuombea viza, kitataka taarifa ya benki inayoonyesha kwamba fedha za mwaka wa kwanza zipo. Juu yake kuna ada ya SEVIS, mfumo wa Marekani wa kusajili wanafunzi wa kigeni, dola 350 na ya viza dola 185. Msitegemee pato la matangazo ambalo wanariadha wa Marekani wanalipata siku hizi. Viza ya F-1, ya mwanafunzi, inabana sana kazi za kulipwa.

Mnaona basi kwa nini nasema KCSE nzuri inaweza kuleta fedha nyingi kuliko puti nzuri. Kwa Divisheni ya Kwanza, NCAA inadai masomo 16 ya msingi ya sekondari (Kiingereza, hesabu, sayansi, jamii na kadhalika) na wastani wa 2.3 kwa vipimo vyao. SAT, mtihani wa kuingilia vyuo vya Marekani, haidaiwi tena na NCAA, lakini vyuo kadhaa vimeirudisha wenyewe, na mara nyingi ndiyo inayofungua ufadhili wa masomo. Aifanye mapema mwakani, isigongane na KCSE. Ajisajili pia kwenye Eligibility Center, ofisi ya NCAA inayothibitisha nani anaruhusiwa kucheza, mkusanye ripoti za shule za kila kidato tangu cha kwanza; shule ikipoteza ya kidato cha pili mtahangaika wiki nyingi.

Kalenda nayo ina mtego. KCSE huisha Novemba, vyuo hufungua Agosti. Miezi hiyo tisa haina shida, kwa sababu gofu ina mwaka mmoja wa nafasi baada ya kumaliza sekondari. Akizidisha mwaka huo huku akicheza mashindano, kanuni ya Divisheni ya Kwanza imekuwa kumpunguzia msimu na kumkalisha nje mwaka wa kwanza. Kabla ya kuamua kupumzika mwaka wa pili, waandikieni Eligibility Center wawathibitishie kwa maandishi. Hivyo hivyo kwa zawadi za fedha taslimu za mashindano ya klabu: asipokee chochote kabla ya kuuliza.

Kuhusu ukimya wa makocha 10, wengi hujifariji kwamba kanuni zinawazuia kujibu. Kanuni ipo, lakini inaisha tarehe 15 Juni baada ya mwaka wa kumi wa shule, ambao kwetu ni kidato cha pili. Mwanao ameshaupita. Ukimya sasa una maana mbili: barua haikufunguliwa, au namba hazikutosha. Wale wawili waliojibu kwa fomu, zijazeni. Fomu hiyo huingiza jina lake kwenye orodha ya kocha. Halafu barua iandikwe upya na kijana mwenyewe, si mzazi. Kwenye kichwa cha barua pepe: jina, Kenya, mwaka wa kuingia chuoni, wastani wa mashindano, alama za shule. Ndani, mistari minane au kumi inatosha: mashindano matano ya mwisho, kila moja na yadi za uwanja, kiwango chake, matokeo ya kila raundi, nafasi aliyoshika kati ya wangapi, na kiungo cha jedwali la matokeo ili kocha ahakikishe. Asifiche ile 81. Video iwe ya dakika mbili, bila muziki, simu ikiwa usawa wa mikono: kutoka nyuma ya mstari wa mpira na kutoka mbele, draiva, aironi 7, weji, chipu tatu na puti chache. Atume kwa kocha mkuu na msaidizi wake, kwa kuwa msaidizi ndiye husoma kwanza. Akishapata matokeo mapya, atume mistari mitatu ya kuongezea. Na achague mashindano ya mashimo 54 au 72 yanayohesabiwa kwenye orodha ya dunia ya wachezaji wa ridhaa, WAGR. Kombe la Jumamosi la klabu halimwambii kocha kitu.

Ningekuwa nawapangia njia, ningeweka Divisheni ya Pili na NAIA katikati ya orodha, vyuo vya miaka miwili chini yake, na vichache vya Divisheni ya Kwanza juu kama bahati. Chuo cha miaka miwili kinadharauliwa bure: ni nafuu, kijana anacheza kila wiki, kisha anahama akiwa na matokeo ya Marekani mkononi. Makocha wa leo wanapenda wanaohama kuliko wanaotoka sekondari, kwa sababu wameshaona wakifanya kazi. Na kubaki chuo kikuu cha hapa huku akicheza mashindano ya taifa ni chaguo halali pia, hasa kama zile milioni 2.8 zitawalazimu kuuza shamba.

Mambo mawili msiyamalize kwa simu wala kwa kusoma. Kabla ya kulipa ada yoyote, nendeni na karatasi zenu kwa ofisi ya ushauri wa masomo ya Marekani iliyo chini ya ubalozi, EducationUSA, na mkishapata chuo, ombeni kuzungumza na ofisa wa kanuni za michezo wa chuo hicho, si kocha pekee. La pili ni mgongo. Mashimo 36 kwa siku na begi begani ni kilomita 15 na zaidi. Kijana akilalamika maumivu ya kiuno upande mmoja, yanayozidi anapojinyoosha kinyumenyume na yasiyoisha baada ya wiki mbili, asimamishe draiva na aonwe na daktari wa mifupa. Katika umri huo huenda ni ufa mdogo wa uti wa mgongo, na hupona vizuri ukigunduliwa mapema.